Seli za "nano" za pikipiki ya umeme: nilipe bei maradufu?

SWALI: Mhandisi, hujambo? Mimi ni fundi wa betri za pikipiki za umeme hapa Kariobangi Light Industries, na nimezoea kufunga seli za 18650 (zile za mviringo, upana milimita 18 na urefu 65). Majuzi mchuuzi mmoja aliniletea seli za "nano silikoni" kwa bei maradufu. Anasema anodi yake (upande hasi wa seli) inabeba umeme mara kumi ya grafiti, ile kaboni ya kawaida, na inajaa kwa dakika kumi. Juu ya seli pameandikwa 9,900 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba). Wateja wangu ni watu wa boda, hawana pesa za kuchezea. Ninunue?

JIBU: Sijambo, fundi. Hizo za 9,900 usinunue. Seli nzuri ya 18650 hubeba karibu 3,500 mAh, na mkebe wa ukubwa ule hauna nafasi ya kubeba karibu mara tatu ya hapo, anodi iwe ya nini. Hata hivyo mchuuzi wako hakubuni kila kitu. Hiyo "mara kumi" ipo kweli maabara, na ni vizuri ujue ilikotoka, maana kesho atakuja mwingine nayo kwa jina jingine.

Gramu moja ya grafiti hupokea lithiamu ya kutosha 372 mAh, basi. Ioni, yaani atomu za lithiamu zenye chaji, hujipenyeza kati ya matabaka ya kaboni, moja kwa kila atomu sita, kisha hutoka bila kuyavuruga. (Mmoja wa walioonyesha jambo hili mapema miaka ya 1980 ni Mwafrika, Rachid Yazami wa Morocco, akifanya utafiti Grenoble, Ufaransa. Hatajwi inavyostahili.) Silikoni hufanya kazi tofauti: huungana na lithiamu na kuwa aloi, na gramu moja hufikia takriban 3,600 mAh.

Balaa ni kwamba silikoni iliyoshiba lithiamu huvimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake, na ikiitoa hunywea tena. Unaujua udongo mweusi wa Embakasi, unavyofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi hadi kuta za nyumba zinaingia nyufa? Ndivyo anodi inavyofanya kila unapochaji na kutumia. Chembe zinapasuka, vipande vinapoteza mguso na karatasi ya shaba inayokusanya umeme, na baada ya mizunguko michache seli imekwisha.

Hapo ndipo nano ilipoingia. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita, na chembe ikiwa ndogo hadi kupimwa kwa nanomita huvimba bila kupasuka. Mwaka 2008 kundi la Yi Cui wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilionyesha kwamba nyuzi nyembamba za silikoni zilizooteshwa juu ya bamba la chuma zinanenepa na kunywea bila kukatika, kwa kuwa zina nafasi pembeni. Baadaye ilionekana kwa hadubini ya elektroni kwamba chembe za fuwele za silikoni zilizo chini ya takriban nanomita 150 hazipasuki. Kwa hiyo kinachobeba umeme ni silikoni. Nano inaizuia tu isivunjike.

Kinga hiyo ina gharama. Elektroliti, kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya seli, ikigusa anodi huoza na kuacha utando juu yake, na utando huo hula lithiamu. Ukigawa kipande kuwa chembe ndogo, eneo la kugusana huongezeka sana. Zaidi ya hayo chembe ikivimba utando huchanika, mwingine hujengwa, na lithiamu nyingine inapotea. Lithiamu yote ilitoka kwenye kathodi, yaani upande chanya, hakuna ghala jingine. Seli ikipoteza asilimia 0.1 tu kila mzunguko, baada ya mizunguko 500 imebaki na kama asilimia 61. Ikipoteza asilimia 0.01 inabaki na 95. Viwanda vinapigania tarakimu hiyo moja, na ndiyo maana vingi huchanganya asilimia chache tu za silikoni, au oksidi yake, ndani ya grafiti ya kawaida.

Sasa chukua kalamu tuipime hiyo "mara kumi". Kubeba 1,000 mAh kwa kathodi ya 200 mAh kwa gramu unahitaji gramu 5 za kathodi. Upande wa pili weka grafiti: gramu 2.7, jumla 7.7. Weka silikoni tupu: gramu 0.28, jumla 5.3. Umepunguza chini ya theluthi moja ya uzito, na hapo hujaongeza shaba, alumini, elektroliti na mkebe, ambavyo havijali anodi ni ya nini. Anayekuahidi mara kumi anahesabu anodi peke yake.

Dakika kumi nazo zina ukweli nusu. Muda wa ioni kupenya ndani ya chembe hufuata mraba wa umbali: punguza chembe mara mia, muda unapungua mara elfu kumi. Lakini ioni lazima kwanza ivuke unene wote wa anodi kupitia elektroliti, na hapo udogo wa chembe hauisaidii. Tuseme basi seli imeweza. Pakiti ya volti 72 na Ah 40 (ampea-saa) ina kilowati-saa 2.88, na kuijaza kwa dakika kumi kunataka kilowati 17. Soketi ya ukutani ni ampea 13 kwa volti 240, yaani kilowati 3.1. Mteja wako wa mtaa wa Huruma atachomeka wapi? Na yule anayebadilisha betri kituoni dakika hizo hazimhusu, ni hesabu ya mwenye kituo.

Kama unataka anodi ya nano inayochaji haraka kweli, tafuta titaneti ya lithiamu, kiwanja cha lithiamu, titani na oksijeni. Karibu haibadiliki ujazo, inafanya kazi kwa volti 1.55 juu ya metali ya lithiamu, ambapo ule utando haujengeki kwa urahisi, na hudumu maelfu mengi ya mizunguko. Inasifiwa pia kwa kuvumilia baridi, sifa isiyo na kazi Nairobi, hata Julai haigandi. Kasoro yake ni uzito: ina takriban 175 mAh kwa gramu na seli hutoa kama volti 2.4 tu. Kwa pikipiki ya kubeba abiria na magunia, mimi nisingeifunga.

Kabla ya kulipa, omba seli mbili za kujaribu. Zijaze hadi volti 4.2, zitoe taratibu kwa ampea 0.5 hadi volti 2.5, usome mAh zilizotoka. Zenye silikoni kidogo ya kweli hushuka kwa mteremko mrefu kuelekea mwisho badala ya kuanguka ghafla, kwa sababu silikoni hutoa lithiamu yake baada ya grafiti. Kwa sababu hiyo hiyo, kuzimaliza kabisa mara kwa mara ndiko kunakoichosha silikoni, hivyo weka bodi ya BMS (ile inayosimamia na kulinda betri) ikate kwenye volti 3.0 kwa kila seli. Zikiwa za mfuko laini, usizibane bila nafasi ya kuvimba.

Na seli ikisimama kwenye volti 2.4, hiyo ni titaneti: volti 72 zinataka seli 30 kwa mfululizo badala ya 20, na chaja na BMS yako ya zamani haziifai.