Kabla hujaniambia membreni imeimarika, nionyeshe metali iko wapi

Juzi nilipita chumba cha tanuri nikamkuta mdogo wetu mmoja ameinama mezani, diski ya LSCF (kauri ya oksaidi za lanthani, stronti, kobalti na chuma) mkono mmoja, kipande cha msasa mkono wa pili. Diski ilikuwa imetoka kuchomwa, na usoni ilikuwa na vishanga vinavyong'aa kama umande. Nikamuuliza anafanya nini. "Naondoa uchafu, kaka, ili sili ya kuzuia gesi isivuje ikae vizuri." Nilimshika mkono kabla hajamaliza.

Ule haukuwa uchafu. Ilikuwa metali yake yote ya fedha aliyoitia ndani ya kauri, imetoka nje. Na hii ni mara ya tatu mwaka huu naona jambo hilohilo kwa watu watatu tofauti, wote wenye akili, wote wenye bidii. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Ninyi mlioanza juzi kazi ya kutia metali ndani ya membreni za kauri, zile kuta nyembamba za kuchuja oksijeni kutoka hewani, nawapenda na nataka mfike mbali, lakini kwa hili subira yangu imefika ukingoni.

Sitaeleza membreni ni nini. Mnajua perovskaiti, jamii ya oksaidi ambayo LSCF ni mojawapo, hupitisha ayoni za oksijeni na elektroni kwa pamoja, mnajua kwa nini tunaichoma hadi isivuje, na mnajua inavyokatika kama kigae ukiipoza haraka. Metali tunaitia ili ufa ukianza kukimbia ukutane na punje inayonyumbulika, inayovutika na kuzishika kingo mbili za ufa kama daraja. Daraja hilo linafanya kazi pale tu punje ipo ndani na imeshikamana na kauri pande zote. Punje iliyobanduka ni tundu. Punje iliyohama ni tundu pia, tena kubwa zaidi.

1. Pima kwa ujazo, si kwa uzito. Fedha ina gramu 10.49 kwa sentimita moja ya ujazo, LSCF inazo kama 6.3. Ukitaka asilimia 10 ya ujazo, mizani lazima isome kati ya asilimia 15 na 16 ya uzito. Ukipima asilimia 10 ya uzito umetia kama asilimia 6 tu ya ujazo, halafu unashangaa matokeo hayafanani na ya mwenzako.

Na jiulize kwanza metali yako ina kazi gani. Ndani ya LSCF elektroni zina njia yao tayari, kwa hiyo metali ni ya kuzuia ufa, na kiasi kidogo kilichotawanyika vizuri kinatosha. Ndani ya kauri kama zirkonia au seria iliyotiwa gadolini, zinazopitisha ayoni lakini si elektroni za kutosha, metali ndiyo barabara ya elektroni, na lazima punje zigusane toka uso mmoja hadi wa pili. Hapo unahitaji karibu theluthi moja ya ujazo. Hizi ni membreni mbili tofauti kabisa, msizichanganye kwenye jedwali moja.

2. Usiitupe metali ndani ya kinu cha gololi tangu asubuhi. Saga kauri peke yake, metali itie mwishoni, kwa mzunguko wa polepole. Fedha ni laini, gololi za zirkonia huipondaponda ikawa magamba. Magamba yakiingia kwenye kalibu hulala chali yote, na diski yako ikitoka tanurini inabanduka tabaka kwa tabaka.

3. Halijoto. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili. Nilikuwa nimechanganya LSCF na fedha asilimia 10 ya ujazo, nimekandamiza diski nzuri za milimita 20, nimechoma gundi polepole, digrii 1 kwa dakika hadi 600, hakuna hata moja iliyopasuka. Nilijivunia sana diski zile. LSCF tupu tulikuwa tukiichoma nyuzi 1150, na programu yake ilihifadhiwa kwenye tanuri kama namba 4. Nikabonyeza 4, nikaenda kulala.

Fedha huyeyuka nyuzi 962. Nilijua. Nilijua tangu sekondari. Sikuwahi kukaa nikaziweka namba hizo mbili kando kwa kando. Nilijiambia kwamba fedha iko ndani ya kauri, kauri itaishika. Huo ndio uongo niliojidanganya nao, na nimewasikia wote watatu wa mwaka huu wakiusema kwa maneno yaleyale.

Asubuhi nikafungua mlango. Diski zilikuwa nyeusi, zimesinyaa vizuri, na juu yake vishanga. Nilipoinua ya kwanza kwa koleo, shanga moja lilibingirika likaangukia kwenye trei ya alumina, likatoa mlio mdogo, ting. Nausikia hadi leo. Nikaona ni ziada iliyosukumwa nje, nikachukua msasa. Mizani ilikuwa hatua 3 kutoka nilipokuwa. Ningeipima diski moja kabla na baada ya kuchoma, na nyingine baada ya msasa, ningeona gramu zilivyopungua, na mambo yangeishia hapo. Sikupima. Nililainisha hadi zikapendeza, na ushahidi wote ukaenda na vumbi.

Nikaifunga diski kwenye kifaa kwa pete ya fedha, hewa upande mmoja, argoni upande wa pili, nyuzi 900. Oksijeni iliyopita ilikuwa nyingi kuliko ya LSCF tupu, kwa mbali. Kwenye kromatografu, mashine ya kutenganisha na kupima gesi, palikuwa na nitrojeni pia. Nikaisingizia sili. Nikasema sili zetu huvuja kidogo kila siku, kila mtu anajua. Nikachora grafu ya oksijeni peke yake, nikaipeleka kwenye mkutano wa kundi, na nilisimama mbele nikitabasamu.

Dada mmoja aliyetutangulia wote, aliyekuwa amejenga kile kifaa kwa mikono yake, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mdogo wangu, nitrojeni yako umeigawanya kwa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akainuka, akachukua chaki, akaandika 3.76 ubaoni. Hewa ina nitrojeni 79 kwa oksijeni 21. Kauri nzima haipitishi nitrojeni hata chembe, kwa hiyo nitrojeni yoyote unayoiona imepita tunduni, na kila sehemu 3.76 za nitrojeni zimekuja na sehemu 1 ya oksijeni. Tundu likiwa jembamba sana, molekuli zikawa zinagonga kuta kuliko zinavyogongana, nitrojeni inatangulia kidogo na namba inafika kama 4.02. Akanipa chaki nifanye hesabu mwenyewe. Nilipomaliza, karibu oksijeni yangu yote ilikuwa imevuja. Kilichopita kihalali kupitia kauri kilikuwa kidogo kuliko cha diski isiyo na metali.

Akaomba diski. Akaishika kwa vidole gumba viwili, akaikunja kidogo tu, ikakatika. Diski niliyokuwa nimetoka kuiita imara.

Tuliuweka uso wa mkatiko kwenye hadubini ya elektroni jioni ileile. Palikuwa na mashimo ya duara, moja linaingia kwenye jingine kama vyumba vya mzinga, na fedha imebaki utando mwembamba kwenye kuta chache. Nilikuwa nimetengeneza sponji. Fedha iliyoyeyuka hailoweshi oksaidi za namna hii vizuri, kwa hiyo kauri inaposinyaa huikamua kama maji kwenye kitambaa, kupitia vinyweleo ambavyo bado havijafungwa. Tena fedha ikiwa majimaji hufyonza oksijeni kutoka hewani, na inapoganda huitema. Kila kitu kilichotakiwa kuimarisha diski kilikuwa kimegeuka njia ya ufa.

Hilo lingekuwa somo la kawaida kama lingeniuma mimi peke yangu. Lakini nilikuwa nimegawa ile poda na ule utaratibu wa kuchoma. Mdogo wangu mmoja alikuwa amejenga kazi ya miezi 4 juu yake, mirija yake yote imechomwa kwa programu namba 4 kwa sababu mimi nilimwambia ndiyo yenyewe. Nilipomwendea kumweleza alikuwa anaandika lebo kwenye mirija. Alinyamaza, akaendelea kuandika lebo mbili zaidi, kisha akasema, "Haina shida, kaka." Ilikuwa na shida. Alilazimika kuanza upya, na alichelewa kumaliza. Wenzetu wa maabara nyingine nao nilikuwa nimewatumia namba zangu. Barua ya kuwaambia wazifute ilikuwa na sentensi 5, na iliniletea usiku 2 wa kukesha.

Basi mkichagua metali, andikeni halijoto yake ya kuyeyuka juu ya ukurasa, na chini yake halijoto mtakayochomea. Fedha 962, dhahabu 1064, nikeli 1455, paladi 1555, platini 1768. Namba ya juu ikiwa ndogo kuliko ya chini, simama. Kama lazima iwe fedha, zipo njia: tia kisaidizi kama oksaidi ya shaba ili kauri ishikane kwenye joto la chini zaidi, au changanya fedha na paladi, maana kadiri paladi inavyoongezeka ndivyo aloi inavyohimili joto. Wale wenye kauri yenye vinyweleo wanaweza kuichoma kwanza, kisha wakainywesha naitreti ya fedha na kuipasha tena kwa joto dogo. Naitreti hutoa moshi wa kahawia, fanyieni kwenye kabati la moshi.

Na msiuamini uso wa tanuri. Weka kipande kifupi cha waya wa fedha kwenye trei karibu na sampuli, panda nyuzi 5 kwa 5 na uone kinaporomoka lini. Kwenye hewa kitayeyuka chini kidogo ya 962 kwa sababu ya oksijeni inayoingia ndani yake, lakini ukikikuta kimekuwa tone wakati tanuri linasoma 920, themokapo yako, yaani kipimajoto cha tanuri, inakudanganya.

4. Mnaotumia nikeli, msizime hidrojeni inayoikinga na oksijeni tanuri likiwa bado la moto. Nikeli ikigeuka oksaidi hunenepa karibu theluthi mbili ya ujazo wake, na iko ndani ya kauri isiyo na pa kuipisha. Tumieni mchanganyiko wa hidrojeni usiozidi asilimia 4 ndani ya argoni, uendelee kupita hadi sampuli ipoe kabisa, hata kama ni usiku na basi linawaacha.

5. Linganisheni utanukaji kabla ya kuagiza poda. Fedha hutanuka kama 19 kwa milioni kwa kila digrii, zirkonia kama 10.5. Wakati wa kupoa fedha husinyaa zaidi na kujivuta mbali na kuta zake. Na LSCF na LSCF si moja, kobalti ikiongezeka utanukaji unapanda, kwa hiyo tafuta namba ya mchanganyiko wako, si ya jirani.

Nilipoona jambo hili mara ya kwanza nilidhani nimepata uvumbuzi. Sampuli zangu zilikuwa zinaimarika zikiwa baridi, na zikipashwa na kupozwa mara 10 zinadhoofika kuliko kauri tupu. Nilizunguka wiki nzima nikitafuta sababu ya kikemia, kumbe punje zilikuwa zimeshabanduka zinacheza ndani ya vyumba vyao. Kwa hiyo vunjeni sampuli baada ya mizunguko ya joto pia, si zile mpya tu.

6. Sampuli 5 si takwimu. Kauri huvunjika kwa kasoro yake kubwa kuliko zote, na kasoro hazifanani. Ukitaka mchoro wa Weibull unaosimama, ule unaoonyesha nguvu za sampuli zinavyotofautiana, andaa 30, na vipande vyote viokote, viweke kwenye bahasha zenye namba. Mahali ufa ulipoanzia pana habari nyingi kuliko ile namba ya megapaskali.

7. BSCF, ndugu ya LSCF yenye bari badala ya lanthani, ikikutana na hewa ya ukaa, bari na stronti hugeuka kabonati. Metali haizuii hilo.

8. Kata diski moja ya kila kundi, ing'arishe, itazame kwa hadubini kabla ya kupima chochote kingine. Ijulikane mapema kwamba hiyo moja ni ya kukatwa, ili moyo usiume.

Na wewe mwenye diski ya juzi, najua utasoma hapa. Usiitupe, na vishanga vilivyobaki usiviguse. Nimeiweka kwenye kisanduku cha plastiki juu ya mizani, nimeandika uzito wake wa sasa kwenye kifuniko. Kesho saa 4 asubuhi njoo na daftari lako lenye uzito wa kabla ya kuchoma. Tutaikata katikati, nusu yako nusu yangu, halafu wewe ndiye utakayekaa kwenye kiti cha hadubini.