Foreman wa 1973 na Tyson wa 1988: tazameni miguu

Mkuu, umeuliza swali ambalo hapa Kigoma haliishi bila mtu kuondoka amenuna: kati ya mabondia wa uzito wa juu wa Marekani, George Foreman akiwa wa moto na Mike Tyson akiwa wa moto, nani anamlaza mwenzake? Nimepitia majibu ya juu, wengi mnasema Tyson, tena raundi ya kwanza. Mimi nasema Foreman, ndani ya raundi tatu, na sababu yangu si uzito wa ngumi zake.

Kwanza tukubaliane tunawapandisha ulingoni akina nani. Simtaki Foreman mzee mwenye kitambi aliyemzimisha Michael Moorer mwaka 1994 akiwa na miaka 45, wala Tyson aliyetoka gerezani. Nataka Foreman wa Januari 1973, usiku ule wa Kingston, Jamaika, alipompiga Joe Frazier, na Tyson wa Juni 1988, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 huku kocha wake Kevin Rooney akiwa bado kwenye kona yake. Kwenye mizani ya mapambano hayo mawili walikuwa karibu sawasawa, kila mmoja kama kilo 99. Ila kilo za Foreman zimetandazwa kwenye mwili wa sentimita 192, za Tyson zimebanwa kwenye sentimita 178, na mikono ya Foreman inamzidi mwenzake kwa karibu sentimita 20. (Karibu zaidi waliyowahi kufika ni Juni 1990, Las Vegas, walipopigana usiku mmoja, kila mtu na mpinzani wake. Wote walishinda kwa kuzimisha, halafu kila mmoja akashika njia yake.)

Sisi wa Kigoma tuna tatizo letu. Foreman tulimpokea kutoka ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo tulimpokea akiwa ameshapigwa. Pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974 lilianza kule kama saa kumi alfajiri, huku kwetu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, na wazee wa Ujiji pamoja na wale waliovuka kutoka Kalemie na Uvira wanalisimulia utadhani walikaa safu ya mbele. Kwao Foreman ni lile jitu lililoshuka Zaire na mbwa mkubwa kama wa polisi wa Kibelgiji, likachukiwa na mji mzima, likachosha mikono raundi saba, ya nane likaanguka. Ni kweli. Lakini aliyemwangusha ni Muhammad Ali, mtu mrefu, aliyeegemea kamba na kumvuta shingo kila akisogea. Tyson hana kimo cha kumvuta shingo mtu wa aina ile, na kuegemea kamba hakukuwa kwenye damu yake.

Sasa nije kwenye ninachokijua kwa mwili wangu. Enzi za ujana nilifanya mazoezi ya ngumi pale Mwanga. Gunia la mchanga na matambara limening'inizwa kwenye mwembe, glovu tunapokezana zikiwa bado na jasho la aliyetangulia. Mimi ni mfupi, na kama wafupi wote wa rika langu nilikuwa "Tyson": mikono mashavuni, kichwa kinayumba kulia na kushoto, naingia kwa chini. Wengi niliwasumbua. Ila kulikuwa na jamaa mmoja, kuli wa kupakia magunia ya dagaa Kibirizi, mrefu, mzito wa kusogea, ufundi hana kabisa. Huyo sikumuweza hata siku moja.

Na wala hakuwa ananipiga sana. Alichofanya ni kunyoosha mikono yote miwili mbele, na kila nikiingia ananikuta mabegani ananisukuma. Basi. Aliyekaa nje anaona mchezo mbaya, jamaa anasukuma tu. Wewe uliye ndani unachosikia ni kisigino kuondoka chini. Ngumi ya mtu mfupi inaanzia kwenye vidole vya mguu, inapanda nyongani, ndipo ifike mkononi. Ukisukumwa wakati mguu unatafuta mahali pa kukaa, ngumi haitoki, na hata ikitoka haina kitu. Inabidi ujipange upya, na hapo hapo kwenye kujipanga ndipo anapokuletea yake. Kocha alikuwa ananifokea, "Toka pembeni kwanza, ndiyo uingie!" Dawa yenyewe ndiyo hiyo, sibishi. Lakini mwenye mikono mirefu anaziba njia kwa hatua moja, wewe unahitaji mbili tatu.

Nendeni mkaangalie Kingston kwa jicho hilo. Joe Frazier alikwenda chini mara sita ndani ya raundi mbili, na watu wote wanahesabu makonde. Angalia kinachotokea kabla ya konde: Foreman ananyoosha mikono, anamsukuma Frazier mabegani, Frazier anayumba nyuma miguu haijakaa, ndipo inapopanda ile ngumi ya kutoka chini. Kisha angalia Caracas, Machi 1974, Ken Norton alivyomalizwa raundi ya pili. Foreman hakuokota ujuzi huo barabarani. Akiwa chipukizi alikuwa akifanya mazoezi na Sonny Liston, na Liston ndiye aliyemzimisha Floyd Patterson raundi ya kwanza mwaka 1962, akarudia raundi ya kwanza 1963. Patterson alilelewa na nani? Cus D'Amato, mzee yule yule aliyemlea Tyson na kumfundisha ule ukaaji wa mikono mashavuni. Ukaaji ule ulishakutana na jitu lenye mikono mirefu mara mbili, na mara zote mbili haukumaliza raundi.

Najua mtaniambia Tyson si Patterson na wala si Frazier. Naafiki, na hapa ndipo wengi wa upande wangu wanapodanganya. Frazier alikuwa anachelewa kupata moto na alitegemea mkono wa kushoto. Tyson wa 1988 alianza na kengele, mikono yote miwili ilikuwa na sumu, na kichwa chake hakikukaa sehemu moja. Kidevu cha Patterson kilikuwa laini, cha Tyson hakikuwa hivyo. Na Foreman aliangushika: Ron Lyle alimtupa chini mara mbili ndani ya raundi moja mwaka 1976, kabla Lyle mwenyewe hajazimishwa ya tano. Kwa hiyo dakika ya kwanza ni ya Tyson. Akifanikiwa kupenya chini ya ile mikono na kushusha moja mbavuni na moja kidevuni kabla Foreman hajampima, tunazima taa tunaenda kulala.

Asipopenya, angalia rekodi yake mwenyewe. Bonecrusher Smith mwaka 1987 alimkumbatia raundi zote 12 na Tyson hakumwangusha. Tony Tucker, mrefu, naye alimaliza 12 mwaka ule ule. Wote walipoteza kwa pointi, maana walikuwa wanajiokoa, hawakutafuta kumuumiza. Evander Holyfield mwaka 1996 alikuja akamsukuma nyuma kila walipokumbatiana, na Tyson akirudi nyuma alikuwa bondia mwingine. Yule hakuwa Tyson wa 1988, sawa, lakini miguu ni ile ile.

Kinachoweza kuharibu hesabu yangu yote ni mwamuzi. Kusukuma namna ile ni kosa. Akipewa mwamuzi mkali wa kumwonya mapema na kumkata pointi, Foreman anabaki na jabu (ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele) na nguvu zake, na hapo mchezo ni nusu kwa nusu.

Mwamuzi akiwa wa kawaida, naona hivi: raundi ya kwanza Tyson anapata ngumi mbili nzuri, ukumbi unasimama, Foreman anatikisika. Ya pili Tyson anaanza kusukumwa na kukasirika, na Tyson mwenye hasira anaruka ndani moja kwa moja badala ya kutoka pembeni. Ya tatu anaruka anakutana na ngumi inayopanda. Anainuka, analambwa nyingine, mwamuzi anaingia kati. Ila pambano tuliweke liwe la raundi 12, na likivuka ya tano naihamishia hela yangu kwa Tyson bila aibu, maana pumzi ya yule bwana mkubwa hata wazee wa Ujiji wanaijua.