Kabla ya kununua gari la umeme London, uliza litalala wapi

Tangu Januari 2023, gari linaloombewa leseni ya teksi za kuitwa kwa simu hapa London kwa mara ya kwanza lazima liwe na uwezo wa kutembea bila kutoa moshi. Ndiyo maana madereva wenzangu wengi, ndugu zetu kutoka Mombasa, Dar na Bujumbura, wananiuliza wanunue gari gani la umeme. Mimi nawauliza kwanza wanaishi nyumba ya aina gani.

Umeme ni uleule, lakini bei yake inategemea unauchota wapi. Gari langu linakwenda kama maili 3.5 kwa uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Ukichaji nyumbani kwa bei ya kawaida, karibu peni 27 kwa uniti, kila maili inakugharimu chini ya peni 8. Ukiwa na mkataba wa umeme wa usiku, ambao kwa saa chache huuza uniti kwa peni 7 au 8, maili inashuka hadi peni 2 na ushee. Hapo hakuna gari la petroli litakalokufikia.

Sasa nenda kwenye chaja za kasi, zile za pembeni mwa barabara kuu na kwenye maegesho ya supamaketi. Uniti peni 77 ni bei ya kawaida kabisa, na maili moja inakuwa peni 22. Toyota Prius ya mseto, yaani ya petroli na betri, isiyochomekwa kwenye chaja, inakwenda kama maili 11 kwa lita. Petroli ikiwa peni 135, maili yake ni kama peni 12. Kwa hiyo dereva anayetegemea chaja za kasi tu analipa karibu mara mbili ya yule aliyebaki na Prius yake. Wakati wa baridi ni zaidi, kwa sababu betri na hita hula umeme mwingi na zile maili 3.5 hazifiki.

Hesabu ya kukumbuka ni peni 43. Ukilipa zaidi ya hapo kwa uniti, kwa upande wa nishati Prius inakushinda. Ukilipa chini ya hapo, umeme unakulipa.

Kwa sisi tunaokaa ghorofani, kimbilio ni chaja za polepole zilizofungwa kwenye nguzo za taa mitaani. Nyingi zina bei nafuu usiku. Mimi nimekuwa nikilipa peni 40 na kidogo. Faida si kubwa, lakini gari linajaa nikiwa nimelala. Chaja ya kasi naiweka kwa dharura, na hata hapo nachomoa waya pindi betri ikifika asilimia 80, maana kutoka hapo mwendo wa kuchaji hupungua sana na muda wa dereva wa teksi ni pesa. Kama una mwenzi anayefanya kazi mahali penye chaja za wafanyakazi, ulizeni: mwajiri akimchajia gari lake pale kazini, hakatwi kodi kwa faida hiyo.

Kuna jambo linaloniuma. Umeme wa nyumbani unatozwa VAT ya asilimia 5, wa chaja ya umma asilimia 20. Ni kweli kwamba mashine za kasi na kuziunganisha na gridi ni gharama kubwa, lakini hiyo kodi ni uamuzi wa serikali tu, na unamwangukia mpangaji asiye na uwanja wa kuegesha gari. Nimemwandikia mbunge wangu kuhusu hili, na nawaomba nanyi mwandike.

Tena mwandike mapema. Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2028 magari ya umeme yatalipa peni 3 kwa kila maili. Ukiiingiza hiyo, yaani peni 3 mara maili 3.5 za kila uniti, ile peni 43 inashuka hadi kama 33, na chaja nyingi za nguzo zitakuwa juu ya mstari. Kama mkataba wako wa kupanga unaisha kabla ya hapo, tafuta nyumba yenye sehemu ya gari, na umwulize mwenye nyumba kuhusu kufunga chaja kabla hujatia saini.