Sio kila "kali" ni harsh

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja kule Nungwi, na kwa vile mimi ndo nilionekana Kiingereza kinanitoka, kila mwenzangu akitaka barua anakuja kwangu. Sasa kulikuwa na dada mmoja msimamizi wa wasafisha vyumba, mtu wa kazi hasa, shuka likiwa na kunyanzi moja tu anakwambia tandua uanze upya. Akapata nafasi hoteli nyingine, akaja akaniambia mdogo wangu niandikie barua, waambie mimi kwenye kazi ni mkali. Nikaandika "She is a very harsh supervisor", nikaona hapo nimemaliza kabisa.

Siku mbili baadae meneja wa kule akapiga simu, anauliza kwa upole eti kuna wafanyakazi walishawahi kumlalamikia yule dada? Nikabaki nashangaa mpaka aliponisomea sentensi yangu mwenyewe. Neno nililotakiwa kutumia ni "strict", yaani anasimamia utaratibu, hapindishi. "Harsh" ni yule anaekuumiza, anaekupa adhabu kubwa kuliko kosa. Nikajieleza weee, meneja akacheka, dada akapata kazi, ila mpaka leo tukikutana ananisalimia "mista Harsh, hujambo?"

Shida yetu ni kwamba Kiswahili kina neno moja tamu sana, kali, linabeba kila kitu. Kisu kikali, chai kali, mbwa mkali, jua kali, baridi kali, ukame mkali, mwalimu mkali, mpaka ngoma kali tunayoisifia. Mwenzetu Mwingereza kila kimoja hapo kakipa neno lake: kisu ni "sharp", chai ni "strong", mbwa ni "fierce", baridi ni "bitter", ukame ni "severe". Kwa hiyo ukiwa na daftari lako la misamiati usiandike harsh sawasawa na kali, hilo daftari litakuponza kama lilivyoniponza mimi. Andika neno pamoja na rafiki zake. "Harsh sentence", hukumu iliyozidi. "Harsh light", mwanga unaochoma macho. "Harsh voice", sauti ya kukwaruza. "Harsh soap", sabuni inayochubua ngozi. Ukiangalia vizuri utaona kote kuna kitu cha kukwaruza, na kweli zamani neno lenyewe lilikuwa la kitu kigumu ukikigusa, kama msasa.

Tukija kwenye joto ndo kuna utamu. Watu wengi wanajua "hot" na "very hot" basi, wakijitahidi sana wanaongeza "very very". Mimi nilikuja kuelewa tofauti kwa kuishi Dar mwezi wa pili: hewa imejaa maji, shati limenata mgongoni, umeme umekatika feni imesimama, saa saba usiku hujalala. Hiyo ni "sweltering", joto la jasho na kukosa pumzi, na asili ya neno kwenye Kiingereza cha kale ni kufa, wala sishangai. Ila ukienda Lodwar, kule Turkana, jua linakuchoma kavu kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, hiyo sasa ni "scorching". Kama unasahau mkumbuke fundi nguo, pasi ikikaa sana kwenye shati ikaacha ile alama ya kahawia, ile nayo ni "scorch". Inaunguza juu juu.

Halafu kuna "boiling", "baking" na "roasting", hizi wageni wetu Waingereza walikuwa wanazitoa mdomoni digrii zikiwa 30 tu, sisi tunaona kawaida. Siwalaumu, kwao joto lilivuka 40 kwa mara ya kwanza kwenye rekodi tarehe 19 Julai 2022, 40.3 pale Coningsby. Ni maneno ya kupiga stori, usije ukayaweka kwenye ripoti ya kazi.

"Blistering" linatokana na malengelenge, kwa hiyo "blistering heat" ni joto la kukutoa malengelenge, lakini mtangazaji wa mpira akisema winga ana "blistering pace" hajaungua mtu hapo, ni kasi tu. Na "torrid" ndo msala. Kwenye jiografia "torrid zone" ni ukanda wa katikati ya tropiki mbili, ile ya Kansa na ile ya Kaprikoni, yaani hapa hapa kwetu, ila kwenye kurasa za michezo beki akiwa na "a torrid time" maana yake kateswa dakika 90, na kwenye mapenzi "torrid affair" ni penzi la motomoto, mara nyingi la wizi. Kwa hiyo usimwandikie mgeni "enjoy our torrid weather", hajui utampeleka wapi.

Kuna maneno mengine yana sura ya moto ila kazi yake ni kwenye midomo ya watu. "Scathing" jua haliwi scathing hata siku moja, ni ukosoaji, ni ripoti iliyomwaga kila kitu hadharani. Asili yake ni kudhuru, ndo maana anaetoka kwenye ajali bila mkwaruzo wanasema yuko "unscathed". "Caustic" nalo wanaotengeneza sabuni nyumbani wanalijua vizuri kuliko maprofesa, si ndo kostiki ile ile wanayoivalia glavu? Basi "caustic remark" ni maneno yanayobabua hivo hivo. Na "searing pain" ni maumivu kama umebandikwa kikaango cha moto, mpishi anaejua kubabua nyama haraka kwenye moto mkali atakwambia na yeye ana-"sear".

Ila tusijione wajinga peke yetu, kuna sehemu wao ndo wana neno moja na sisi tunayo mawili. Jioni moja mgeni kaniuliza "is the soup hot?", nikajua huyu hataki supu iliyopoa, nikamjibu kwa furaha "yes sir, very very hot!" Kumbe mwenzangu anauliza kama inawasha kwa pilipili. Akaniangalia, akafunga menyu, akaagiza chipsi.