Timu ya nyumbani ianze kushambulia goli lipi?

Umeuliza kama timu ya nyumbani ianze kwa kushambulia goli la upande wa mashabiki wake. Kwa kawaida hapana: upande huo uachie kipindi cha pili, miguu inapochoka na kelele za nyuma ya goli zinaposukuma. Liverpool hupendelea hivyo hivyo na jukwaa lao la Kop.

Ila kuwa mwenyeji hakukupi haki ya kuchagua. Sarafu ndiyo huamua, na tangu 2019 mshindi huchagua goli la kushambulia au kuanzisha mpira. Nahodha wako akichagua mpira, wageni ndio watachagua goli, na wengi watakugeuza makusudi. Mwambie mapema, kabla hajatoka chumbani: tukishinda, tunachukua goli.

Upepo mkali hubadilisha hesabu. Shambulia ukiwa nao mgongoni kwanza, maana huenda ukatulia baada ya mapumziko. Jua la jioni ni kinyume chake: linazidi kushuka, kwa hiyo kipa wako akabiliane nalo kipindi cha kwanza, wa kwao alipate likiwa chini kabisa. Lakini angalia kwanza kama jukwaa halitalifunika.