Mmechaguliwa kamati ya umoja wa wakazi? Haya myajue kabla ya kupitisha mchango

Viwanja vipya vikishajaa nyumba pembezoni mwa Mtwara, iwe upande wa Mangamba au kule Mitengo, mambo huenda kwa mtindo uleule. Watu wanahamia, pampu ya maji inaibwa usiku, wenye nyumba wanakutana chini ya mwembe na kuunda umoja. Anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Miezi michache baadaye grupu la WhatsApp limebaki na salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba. Mimi nimeshika uweka hazina kwa miaka kadhaa, na nawaandikia ninyi mnaoingia sasa.

La kwanza: umoja si serikali. Mwenyekiti wa mtaa alipigiwa kura Novemba 2024, ana mtendaji, ana muhuri, na nyuma yake ipo manispaa. Mwenyekiti wa umoja ana kiti cha plastiki, tena cha kuazima. Hamna uwezo wa kumtoza mtu faini wala kumzuia fundi wake asipite. Walionunua sehemu kwenye ghorofa lenye hati za sehemu, chini ya sheria ya mwaka 2008, hali yao ni nyingine. Chama chao kimewekwa na sheria yenyewe, na ukinunua sehemu umekuwa mwanachama, upende usipende. Marekani ndiyo wamefika mbali zaidi: vyama vya wenye nyumba vinaweza hata kuweka dai juu ya nyumba ya mtu asiyelipa. Sisi wa nyumba moja moja tumeshika daftari tu.

Kwa hiyo jambo lolote linalotaka nguvu, lipelekeni mtaani kwa barua. Chukueni mfano wa viwanja pori. Matumaini ya utajiri wa gesi asilia yalipopanda huku mwanzoni mwa miaka ya 2010, watu wa mbali walinunua viwanja huku wakitegemea mji utafumuka. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, lakini wengi wao hawakurudi kujenga. Leo kuna mapagala na vichaka katikati ya nyumba za watu, vibaka wanajificha humo na majirani wanatupa taka. Kumtukana mwenye kiwanja kwenye grupu hakusaidii, hayumo. Mwandikieni mtendaji, nakala kwa afisa ardhi, mtaje namba ya kiwanja na kitalu. Sharti la kuendeleza limo kwenye hati yake. Mara nyingi ndipo anapojitokeza shemeji yake au dalali. Mkimpata huyo, mwombeni hela ya kufyeka tu. Mkimbebesha na mchango wa mlinzi kwa nyumba ambayo haipo, atapotea tena.

Sasa hela, maana ndipo umoja mwingi unapofia. Mchango wa kila mwezi umetungwa na watu wa mshahara. Huku kwetu nusu ya mtaa inakula kwa msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima wiki kadhaa baadaye, na Januari ada za shule zimeshayabeba. Hata asiye na mkorosho mmoja Tandahimba au Newala, yule fundi, mwenye duka, bodaboda, naye anauonja msimu. Basi wekeni njia mbili: anayetaka alipe kila mwezi, anayetaka alipe ya mwaka mzima kati ya Novemba na Desemba. Kugonga milango mwezi Machi, mvua inanyesha na mahindi bado yako shambani, ni kutafuta maneno.

Kila mwisho wa mwezi bandikeni ukurasa mmoja dukani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Andikeni na vitu vidogo. Kwetu kuna mama muuza samaki alisoma ule ukurasa hadi chini, akaniita: "Mwanangu, mlinzi mmoja, betri za tochi mbili?" Nikamweleza kwamba ya pili ni ya akiba, iko kwa katibu. Akataka kuiona, tukaenda wote akaiwasha. Msikasirike na maswali ya namna hiyo. Mtu ambaye hajali tochi yenu ana mpango wa kuacha kuchanga. Na orodha ya kubandika iwe ya waliolipa. Wadaiwa watajulikana bila ninyi kuwaandika, na hamtakuwa na kesi ya kumvunjia mtu heshima mbele ya wakwe zake.

Hela isikae kwenye simu ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Siku mwanawe akilazwa Ligula usiku wa manane, iliyoko kwenye simu ndiyo itakayotumika, na nani atamlaumu? Fungueni akaunti ya kikundi benki, au M-Koba, ile huduma ya simu ya akiba za vikundi, ili kutoa hela kuhitaji mtu zaidi ya mmoja. Benki itataka katiba, muhtasari wa kikao na cheti cha usajili, kwa hiyo anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mfuko wa msiba uwe peke yake. Huo watu wanauchangia bila kusukumwa, ndiyo maana kamati nyingi hushawishika kuukopa kwa ajili ya mifereji.

Mlinzi ni mwajiriwa, apewe mkataba wa maandishi wenye mshahara, siku za mapumziko na taarifa ya kuachishwa. Nimeona umoja ambao haukusajiliwa ukimwachisha mlinzi kwa ujumbe wa simu saa tatu usiku. Alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na walioitwa ni wale waliokuwa wakimkabidhi mshahara mkononi, kwa majina yao.

Mifereji izibuliwe Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Mvua zetu za kusini ni msimu mmoja mrefu, hadi Aprili au Mei, hakuna nafasi ya kujirekebisha katikati. Akitokea aliyejenga ukuta juu ya mfereji, msimtume kijana wa kamati. Mtumeni mzee anayeheshimika, aende asubuhi baada ya mvua kubwa, wasimame pamoja uani kwa jirani wa chini ambaye maji yamemwingilia hadi jikoni. Fundi apitishe bomba pana chini ya ukuta, gharama wagawane. Ikishindikana, barua.

Kuhusu kelele, wageni kutoka mikoa mingine huja na pendekezo la kupiga marufuku ngoma. Msiliingize kwenye katiba. Likizo za shule ni wakati wa jando na unyago, na mwali akitoka, mtaa mzima unatoka, pamoja na hao wanaolalamika, wakishaletewa sahani ya pilau. Kibali cha sherehe anatoa mtendaji. Kazi yenu ni kumwomba mwenye shughuli aseme mapema ni siku zipi, na vipaza sauti vielekezwe upande usio na mgonjwa au mtoto mchanga. Muziki wa baa ni habari nyingine, huo unaandikiwa barua bila kuoneana haya.

Mkikabidhiwa ofisi, msikubali maneno matupu. Dai daftari, taarifa ya akaunti hadi siku hiyo, mkataba wa mlinzi, muhuri, funguo za stoo, na uadmini wa grupu. Kila kitu kiandikwe, pande zote mbili zisaini, na mjumbe wa mtaa awepo kama shahidi. Tochi nayo iandikwe, na muiwashe kwanza.