Redio imetafuna kanda yenye sauti ya bibi: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi redio kaseti ya marehemu baba pamoja na kanda saba. Sita ni za muziki. Ya saba ni ya dakika 60, baba alimrekodi bibi akitusimulia hadithi mwaka 1986, kwa redio hiyo hiyo. Upande wa stesheni redio inashika vizuri. Nilipoweka kanda ya bibi, sauti ilitoka nzito, ya kuburuta, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, halafu ikakata. Kufungua mlango, nikakuta utepe umejiviringisha huko ndani. Nimeuchomoa, lakini kipande cha kama sentimita 20 kimekunjamana. Mpwa wangu anasema ninunue kile kidude cha kuchezea kaseti kinachochomekwa kwenye kompyuta, redio niitupe. Nimsikilize? Na la pili: sauti ya kanda ilikuwa tamu kweli kuliko ya siku hizi, au utoto wangu unanidanganya?

JIBU: Marahaba. Redio usiitupe, na sababu nitakupa hapo mbele. Kwanza nikutoe hofu. Utepe wa kaseti unapita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, ndivyo ilivyopangwa tangu Philips walipoionyesha kaseti mara ya kwanza Berlin mwaka 1963. Kwa hiyo hizo sentimita 20 ni sekunde nne na kidogo tu za maneno ya bibi, na mara nyingi hata kipande kilichokunjamana husikika, ila kwa kuyumbayumba. Kilichonishtua ni kwamba kati ya kanda saba umeanza kujaribu mashine na ile moja isiyo na pacha.

Basi iweke pembeni, lakini kabla hujaiweka, igeuze uangalie mgongo wake, ule upande mrefu usioonyesha utepe. Kwenye ncha zake mbili kuna vilango vidogo vya plastiki. Kama bado vipo, vivunje vyote viwili kwa ncha ya bisibisi. Ndani ya redio kuna kikono kinachopapasa hapo. Kikikuta tundu, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki. Redio nyingi ndogo hufuta utepe kwa kipande cha sumaku kinachousogelea pale tu kitufe hicho kinaposhuka. Kidole kikiteleza mara moja, hadithi imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kuhusu kipande kilichokunjamana: usikipige pasi, usikikate. Nawa mikono uikaushe vizuri, kinyooshe taratibu katikati ya vidole juu ya kitambaa laini cha pamba, hakikisha utepe haujajipindua popote, kisha ingiza penseli ya pembe sita kwenye tundu lenye meno uuvute ndani polepole. Ukiona umekatika, usitumie selotepu ya ofisini. Gundi yake hutambaa pembeni na kushika mizunguko ya juu na ya chini, na baada ya mwaka utakuwa na tatizo kubwa kuliko la mwanzo. Kuna tepu maalumu ya kuungia, nyembamba sawa na utepe wenyewe, na hubandikwa upande wa nyuma, yaani ule usiogusa hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma sauti kwenye utepe.

Chungulia pia katikati ya ule upande wa kanda ulio wazi. Panatakiwa kuwa na kijipande cha sponji au manyoya kilichobandikwa kwenye bati jembamba la springi, kazi yake kuubana utepe kwenye hedi. Gundi ya miaka ya themanini imekwisha kukauka, na kijipande hicho hudondoka. Kikidondoka, sauti hufifia na kuja kwa mawimbi, watu wakadhani kanda imeoza. Dawa yake ni kuhamishia utepe kwenye gamba la kanda nyingine iliyofungwa kwa skrubu tano. Piga picha kwa simu kabla hujanyanyua chochote, maana vile viroda viwili vya pembeni vina tabia ya kuruka na kupotelea chini ya kabati.

Sasa mashine. Dalili zako mbili, sauti kuburuta na utepe kutafunwa, kwa uzoefu wangu ni ugonjwa mmoja: belti. Mota moja huzungusha pini ya chuma inayosukuma utepe, pamoja na kile kigingi kinachoupokea. Belti ikilegea, pini inaendelea kusukuma huku kigingi cha kupokea kimesimama. Utepe hauna pa kwenda, unajikusanya, unanaswa na gurudumu la mpira na kuanza kujizungushia hapo. Ukifungua mgongo wa redio utaona mwenyewe. Belti nzima hukaa kama mpira wa kufungia noti. Iliyokufa hugeuka ujiuji mweusi kama lami, ukiigusa itakaa vidoleni siku mbili. Futa kila chembe kwenye puli, vile vigurudumu vinavyovishwa belti, kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kwa sababu chembe moja iliyobaki inatosha kuifanya sauti idundedunde. Ili kujua kipimo cha belti mpya, zungusha uzi kwenye njia yake yote, upime urefu, halafu tafuta belti fupi kuliko hapo kwa asilimia 5 hivi. Ikibana mno, mota inachoka na kuanza kunguruma.

Ukiwa humo ndani, safisha hedi, ile pini, na gurudumu la mpira. Gurudumu likiwa linang'aa kama kioo, limekuwa gumu na litateleza. Lisugue kidogo kwa msasa laini kabisa, na kama lina nyufa badilisha. Kuna pia swichi ndefu ya kuteleza, yenye miguu mingi, inayobadilisha saketi kutoka kucheza kwenda kurekodi. Hiyo ndiyo chanzo cha milio ya filimbi na mikwaruzo ambayo watu huisingizia hedi. Nyunyizia dawa ya kusafishia swichi, isogeze mara ishirini huku umeme umechomolewa na mlango hauna kanda. Yamekwisha.

Jaribu kwa kanda za muziki, tena anza na ile usiyoipenda. Icheze upande mzima, saa nzima kama una muda, peleka mbele, rudisha nyuma. Mashine ikipita mtihani huo ndipo umwite bibi.

Turudi kwa mpwa wako. Vile vidude vya kuchomeka kwenye kompyuta nimevifungua vingi. Gurudumu lake la kutuliza mwendo ni dogo na jepesi, kwa hiyo sauti huyumba, na hedi yake imewekwa kwa kukadiria. Hapo kwenye hedi ndipo kwenye jambo lenyewe. Hedi inatakiwa isimame wima kabisa, nyuzi 90 na mwendo wa utepe. Kwa mwendo wa kaseti, wimbi moja la sauti ya hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, linachukua chini ya mikromita 5 za utepe. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Hedi ikiinama kidogo tu, sauti zile nyembamba zinapotea: herufi s, mlio wa vidole, pumzi katikati ya maneno. Msimuliaji anasikika kama yuko nyuma ya blanketi.

Redio ya baba yako ina hedi moja inayofanya kazi zote mbili, kurekodi na kucheza. Kama mwaka 1986 ilikuwa imeinama, ilirekodi kwa mwinamo huo, na leo inausoma kwa mwinamo huo huo. Mashine mpya iliyonyooka kabisa inaweza kuisoma kanda hiyo vibaya kuliko mashine mbovu iliyoizaa. Ndiyo maana nimesema usiitupe. Isipokuwa, na hili linatuhusu sisi mafundi, kama kuna mtu katikati ya miaka hiyo aliyeizungusha skrubu ndogo yenye springi kando ya hedi. Mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza kazi niliizungusha kwa kila mteja aliyelalamika, awe anaumwa nini. Ukisikia sauti imefunikwa, weka alama ya rangi pale skrubu ilipo, kisha huku kanda inacheza izungushe robo kwa robo hadi herufi s ziwe kali. Redio nyingi zina kitundu mlangoni cha kupitishia bisibisi.

Kuhamishia kwenye kompyuta, usiweke simu mbele ya spika. Tumia waya kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la kuingizia sauti, na redio itumie betri mpya badala ya umeme wa ukutani, utaukwepa mvumo wa hezi 50 au 60. Kiwango cha kurekodi kwenye kompyuta kiweke chini kiasi kwamba hata bibi akicheka kipimo cha sauti hakigusi nyekundu. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili isiyopunguza chochote kwenye sauti. Dakika 30 za upande mmoja kwa ubora wa CD ni kama megabaiti 300, si kitu siku hizi. Sauti ikitoka nyembamba na ya haraka kuliko unavyomkumbuka, yawezekana baba alirekodi kwa betri zilizochoka. Usiguse mota, rekebisha mwendo kwenye programu baadaye.

Na utamu? Kwa vipimo, kanda imeshindwa mapema sana. Kanda ya kawaida ina nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 50 kati ya sauti kubwa na ule mchirizo wa "shiii". CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, inakaribia 96. Lakini kuna kitu kweli unakisikia. Ukirekodi kwa nguvu, utepe haukati kilele cha sauti ghafla, unakibonyeza polepole, na sikio hupenda hivyo. Mengine ni chumba. Kipaza sauti cha redio kilijengwa ndani ya sanduku lile lile la mota, kikanasa kila kitu: mngurumo wa mota, kiti kuburutwa, nyinyi watoto mkikohoa. Kwa hiyo programu itakapokushawishi ufute kelele, fanya hivyo kwenye nakala ya pili. Ile ya kwanza iache kama ilivyotoka, pamoja na "shiii" yake, kwa sababu programu hizo huondoa pumzi pamoja na mchirizo, na huenda kikohozi kimojawapo humo ni chako.